Mpiga Ribiti Mbele ya Televisheni

Jirani yangu hapa Clydebank, mji wa waunda meli, alipiga ribiti, zile pini za kuunganisha mabamba ya chuma ya meli, hadi masikio yakafa, na sasa hupayuka hata anapoomba chumvi. Vidole vyake havikunjuki vizuri, kwa hiyo kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili. Jana televisheni ilionyesha meli kubwa aliyoiunda ujanani ikikatwakatwa ufukweni huko Bangladeshi.

“Pole, mzee,” nikampigia kelele sikioni. “Meli yako ndiyo inakwisha hivyo.”

“Meli ni chuma tu!” akafoka. “Huwaoni hao vijana? Wanakata chuma peku!”

Mkewe, Effie, akamgusa bega. “Kapumzike, mume wangu. Umechoka.”

“Nimechoka, ndiyo.” Lakini hakuinuka kitini mpaka kijana wa mwisho kwenye televisheni alipoteremka ngazi ya ile meli.