Koti la Kwendea Milimani

Asubuhi ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mpenzi wangu, kule Milimani, nilidondosha sambusa kwenye koti langu la pekee. Doa la mafuta likatanda kifuani. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo nani alikuwa na nafasi ya methali? Nilichukua mafuta ya taa ya stovu yangu pale nyumbani Kaptembwo, nikasugua, doa likatoka. Harufu niliiachia jua na upepo. Kwa mwendo wa miguu hadi Milimani, nikajiambia, itakuwa imeisha.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafokea kidato cha tatu kwa kushindwa kueleza kwa nini petroli hukauka upesi kuliko mafuta ya taa.

Nilipoketi sebuleni, mama mkwe niliyemtarajia akaanza kunusa. Akakagua jikoni, akarudi, akainama kuchungulia chini ya meza. Mpenzi wangu alinikanyaga mguu. Baba yake, fundi wa magari aliyestaafu, ambaye nilikuwa nimeonywa kwamba hapendi wanaume wazembe, hakunusa. Alinitazama kifuani tu.

"Hiyo ni mafuta ya taa," akasema. "Na wewe unafunza nini?"

"Chemistry, mzee."

"Sasa mwalimu, mbona hukutumia petroli? Saa hii ingekuwa imekauka."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikafundisha. Nilichota njugu tulizoandaliwa, nikazipanga mezani, mstari mfupi wa petroli na mrefu wa mafuta ya taa. Nikaeleza kwamba molekuli fupi hazishikani sana, huchemka kwa joto dogo, na huaga mapema kama mgeni aliyepitia chai tu. Ndefu hung'ang'aniana, hutaka joto kali ndipo zichemke, na kwenye koti huweza kulala hata siku tatu.

Mama alirudi jikoni kabla sijamaliza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, huku akila petroli yote.

"Kumbe unajua," akasema. "Ni haraka tu."

"Haraka ya kufika hapa, mzee."

Akachukua njugu moja ya mafuta ya taa. Nilijua safari yangu yote imebaki mdomoni mwake, nami nikaogopa kwelikweli. Kutoka jikoni tukasikia kiberiti kikitikiswa. Mzee akageuza shingo.

"Mama, ngoja kidogo kuwasha hiyo gas," akaita. "Mkwe wetu asishike moto."