Chungu Kidogo Kisicho na Mujaaja

Juzi mke wa mwanangu aliniletea chai, na kabla kikombe hakijanifikia mkononi pua yangu ilishakataa. Alikuwa ametia mujaaja. Unaujua mujaaja, yale majani ya nyuma ya nyumba yanayonuka karafuu na dawa ya kuchua mgongo kwa pamoja. Yeye ni mtu wa Muleba, kwao wanaupenda. Nikamwambia, "Mama, hicho kitu mimi sinywi tangu nizaliwe. Bibi yangu alinipikia chungu changu peke yangu kwa sababu yake."

Hapo nikakaa vizuri, maana hiyo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Wajukuu wangu wote hapa Kihanga wanaijua, na wewe kaa nikusimulie.

Mama yetu alikuwa mtu wa kuugua, kwa hiyo mimi na dada yangu mkubwa tulilelewa na bibi kule Nyakasimbi. Jiko lake lilikuwa la nyasi, chini limetandikwa nyasi nyingine, na moshi unakula macho mpaka unazoea. Asubuhi tulichota maji, tukaanika kahawa na kufukuza kuku. Mchana ndizi zilipikwa na maharage, chungu kikubwa kimefunikwa majani ya mgomba, na karibu na kuiva bibi alitupia konzi ya mujaaja. Wengine waliutia kwenye chai tu. Bibi yangu aliutia popote palipo na mvuke.

Alikuwa mwanamke mkavu. Kukumbatia mtoto hakujua, na kusema nakupenda, nani alisema maneno hayo kwetu? Ukianguka alikuambia inuka, ardhi si kitanda. Lakini pembeni ya chungu kikubwa aliinjika kijungu kidogo chenye mdomo uliomeguka, na humo hakutia jani hata moja. Hicho kilikuwa cha mtoto asiyeweza mujaaja.

Usione ni jambo dogo. Sisi tulikula pamoja, jani la mgomba katikati na mikono yote humo. Anayekula pembeni ni mgonjwa au mtu anayeogopewa. Jirani alipokiona kile kijungu alicheka mpaka akashika ukuta. "Unalea mtoto hapo au unafuga mfalme?" Bibi hakugeuka hata kumtazama. "Ulimi hauchapwi fimbo," akasema, akaendelea kuchochea moto.

Basi mimi nimeishi na hicho kijungu. Nimeolewa, nimezika mume, nimelea watoto kwa jembe. Kila nilipodharauliwa nilijiambia, wewe kuna mtu alikuinjikia peke yako.

Sasa siku hiyo ya chai, dada yangu alikuwa amekuja kutoka Bugomora kunitazama mguu huu unaoniuma. Yuko kwenye mkeka anamenya ndizi. Nilipomaliza kujisifu, kisu chake kikasimama.

"Chungu cha nani?"

"Changu, dada."

"Waitu! Chako tangu lini? Wewe ulikuwa unatafuna mujaaja mbichi kama mbuzi. Bibi alikufukuza kwa mti wa mwiko, 'Utamaliza shina langu!' Mimi ndiye niliyekuwa natapika. Chungu kilikuwa changu."

"Dada, umezeeka."

"Nimezeeka, ndiyo. Na wewe umezeeka na chungu changu."

Mkwe wangu akaziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kumgombeza, lakini nilikuwa nimeshaanza kutazama ndani ya kichwa changu, na huko mambo yalikuwa yamevurugika. Naliona jiko. Nauona mkono wa bibi ukipakua. Namwona msichana amechutama anakula peke yake, midomo inang'aa. Siku zote nimejua ni mimi. Lakini mtu akila haoni midomo yake mwenyewe. Sasa aliyekuwa anamtazama ni nani?

Mkwe akasema kwa adabu, "Si mnywe tu, mama zangu, tujue ulimi gani unakataa?"

Akammiminia dada. Dada akafumba macho kama anayemeza kwinini, akanywa. Akanywa tena. Mimi nikaonja na kukunja uso kabisa, na kabla sijamaliza kuukunja kitu kitamu kikapanda nyuma ya koo, nikajikuta nimelamba ukingo wa kikombe. Vikombe vyote viwili vikawa vitupu. Tukatazamana kama watu waliokutana njiani na kila mmoja kavaa nguo ya mwenzake.

"Kwani wewe pia huwa unawasimulia wajukuu?" nikamuuliza.

"Wote," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata huyu wa mwisho asiyejua kusema."

Wa kumuuliza hakuna. Bibi alikufa, jirani akamfuata na kicheko chake. Jiko la nyasi walilibomoa, pale sasa pana nyumba ya bati na mwenye nyumba hajui sisi ni nani. Mujaaja siku hizi unauzwa umekaushwa, na watoto wanautilia sukari nyingi wasiusikie. Mimi hata sijui tena kama naupenda au naukataa. Jana nimechuma, nimenusa, nimetupa, nimerudi kuokota.

Dada alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani na mguu wangu huu. Akanishika mkono, akasema, "Tusigombane. Tuseme kilikuwa cha wote."

Nikaitika, maana ni mkubwa wangu. Pikipiki ikampeleka. Nikabaki nimesimama kwenye vumbi, nafikiri: cha wote kilikuwepo, dada. Kilikuwa kile kikubwa.