Mshipa Ambao Kabula Hakuuchora

Fundi aliyekuwa akibandika karatasi za ukutani sebuleni kwangu, hapa Nyalikungu, aliishiwa gundi kabla hajamaliza upande wa dirishani. Akaniomba unga wa ngano na sufuria nisiyoipenda sana. Alipoanza kuukoroga ule uji, harufu ikanifuata mpaka chumbani, harufu ya unga unaoiva bila chumvi wala sukari, na nikarudi nikasimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aendelee tu, lakini nilitoka nje nikaukagua ukuta kwa upande wa pili, kuanzia juu mpaka chini.

Acheni niwaeleze kwa nini.

Nyumba yetu ya Mwandoya baba aliijenga kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kwetu kila mtu anajua mbuga ni ya majaruba ya mpunga, si ya msingi wa nyumba. Wazee walimwambia. Lakini kiwanja kile kilikuwa kando ya barabara, na baba alitaka wapita njia wenye mikokoteni ya pamba waione nyumba yake ya bati. Waliiona. Nyufa hawakuziona, maana kila kiangazi alizisiliba upya kwa udongo. Najua methali mnayoifikiria hapo. Baba naye aliijua vizuri, na kwa maoni yake alikuwa ameshaziba.

Nikiwa mtoto wa kama miaka tisa, dada yangu Kabula alipata mchumba, kijana wa Lingeka. Wakati huo ufa mmoja wa sebuleni, karibu na dirisha, ulikuwa umeanza kupitisha mwanga. Mama alimwonyesha baba. Baba aliingiza kidole kwenye ufa, akakitoa, akakifuta kwenye suruali, kisha akasema ukuta huo tutaupendezesha. Aliwahi kulala Lamadi kwenye gesti yenye nguzo za marumaru, na aliporudi hakusimulia ziwa wala samaki, alisimulia nguzo. Sasa alitaka wakwe wakute marumaru kwake.

Basi tukatengeneza marumaru. Tulikung'uta mifuko mitupu ya saruji, tukaichana na kuilowesha. Mama akapika uji wa gundi, bila hata kuimba kama kawaida yake. Kabula akabandika karatasi ukuta mzima na kuipaka chokaa. Ilipokauka alichanganya masizi ya sufuria na maji, akachovya unyoya wa kanga, akaanza kuchora mishipa ya jiwe. Alikuwa na mkono mwepesi. Aliuburuta unyoya huku akiuzungusha kidogo vidoleni, mstari ukawa mnene hapa na mwembamba pale, halafu akaupuliza kabla haujakauka ili wino utawanyike. Mimi nilishika kopo la masizi, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama, niliijua mishipa yote ile. Mmoja mnene tuliuita mto Simiyu. Yote ilikwenda mshazari, maana Kabula alikuwa ameamua kwamba jiwe la kweli halina mistari ya kusimama.

Baba alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, akaugusa kwa kiganja, akafurahi sana. Nilimpenda siku ile.

Wakwe walifika kukiwa na mvua iliyoanza tangu alfajiri. Baba aliwakalisha kwenye benchi chini ya marumaru, ili kila anayewatazama autazame na ukuta. Mama na Kabula walikuwa jiko la nje. Kwetu mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwe wake, na yule kijana mwenyewe alikuwa miongoni mwa wageni. Kwa hiyo wa kuingia na maji ya kunawa nilikuwa mimi.

Nilipiga magoti, nikawasalimu, nikaanza kuwamwagia maji mikononi. Nilipofika kwa mzee aliyekuwa msemaji wao niliinua macho. Juu ya kofia yake palikuwa na mshipa nisioujua. Ulikuwa mwembamba, wima, ukishuka kutoka pembe ya dirisha. Nikadhani macho yananidanganya. Nikamhudumia aliyefuata, nikatazama tena, na ulikuwa umefika karibu na bega la mzee. Wao walikuwa wakivutana juu ya idadi ya ng'ombe, kwa heshima na vicheko, na mmoja akausifu ukuta. Nilimtazama baba. Akanikazia macho, yale ya kumwondoa mtoto. Mtoto hakatizi maneno ya wakwe. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo Kabula atakosa mume, na niliogopa kwamba nikiufunga mzee yule atakufa. Nikatoka, maji ya beseni yakinimwagikia miguuni.

Nilimweleza mama. Alimgeukia Kabula.

"Kuna mahali ulichora wima?"

Kabula alifikiri. Nilimwomba Mungu aseme ndiyo.

"Hapana, mayu. Yote niliilaza."

Mama akaweka mwiko chini. Akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, akavuka uwanja kwenye mvua, akaingia walipo wakwe zake. Wanaume wote waliinamisha vichwa, na yule kijana akageukia pembeni kwa aibu.

"Wazee wangu, tokeni nje," mama alisema. "Huo ukuta ni karatasi."

Walitoka, nadhani kwa adabu zaidi kuliko kwa hofu. Tukasimama sote mvuani tukiitazama nyumba, na nyumba ikasimama vilevile ikitutazama. Hakuna kilichotokea. Kadiri ukuta ulivyozidi kusimama ndivyo mama alivyozidi kuwa mwanamke aliyemvunjia mumewe heshima mbele ya watu wa Lingeka. Nikaanza kuuombea ukuta uanguke, na kuomba hivyo kukanitisha zaidi.

Kisha yule mzee akakumbuka kuwa ameacha fimbo yake ndani. Baba akasema atamletea yeye mwenyewe. Akaongeza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba nyumba yake haina tatizo. Akaelekea mlangoni.

Mama akamshika shati mgongoni.

"Baba Kabula, usiingie."

Mke kumshika mumewe shati mbele ya wakwe! Baba alisimama, ametugeuzia mgongo sote. Nilingoja aupige ule mkono. Hakugeuka, na mvua iliendelea kuwanyeshea wote wawili. Ndipo tukasikia karatasi ikichanika, mlio mrefu kama wa muuza vitambaa akipasua jora. Ukuta ukainamia ndani, ukaanguka juu ya benchi, na vumbi la chokaa likatoka mlangoni hadi miguuni kwa baba.

Baada ya muda yule mzee alisema mazungumzo yaendelee kwa jirani, kwani yeye ameshaujua ukoo ambao kijana wao anaoa. Kabula aliolewa, na leo ana watoto wakubwa huko Lingeka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya ujasiri wa mama, na ni kweli alikuwa jasiri. Ila baba alikuwa mtu wa kumkamata fahali pembe na kumlaza chini, na mama alikuwa mwembamba wa kupeperushwa. Nilikuja kuelewa kwa nini alisimama nikiwa mtu mzima mwenye nyumba na ubishi wangu mwenyewe. Hakuna aliyeujua ufa ule kuliko baba, kidole chake ndicho kilichopita humo. Alikuwa anakwenda mlangoni kwa sababu hakuona pa kurudia, na alitamani kuzuiwa kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Kesho yake mama alilifua lile shati akanipa nikalianike. Lilikuwa kuukuu, limechakaa hata mwanga unapita, la kuchanika kwa kuvutwa kidogo tu. Halikuwa limeachia hata uzi.