Uso Uliopakwa Mafuta ya Kondoo

Kila mwaka ikifika Juni, baridi inapoanza huku kusini mwa dunia, mji wa Coyhaique unajipaka mafuta. Theluji ikishashuka vilimani na majiko ya kuni yakianza kutoa moshi kutwa kucha, watu wazima wenye akili zao, wenye kazi na vyeti ukutani, wanachukua mafuta ya kondoo, wanayachanganya na mafuta ya mosketa, yale ya mbegu za mawaridi mwitu yanayoota hapa kila ukingo wa barabara bila kualikwa na mtu, wanajisiliba usoni mpaka wanang'aa kama masufuria. Kisha wanakaa mbele ya jiko. Kisha wanashangaa chunusi zimetoka wapi.

Anayewapokea wakishashangaa ni Nolfa Oyarzo, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, muuzaji wa duka la dawa karibu na uwanja wa mji. Amesimama nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hajamwonea haya mteja hata mmoja.

"Nini hiki?" alimuuliza Julai iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mpole aliyeingia amejiziba kidevu kwa kiganja.

"Ngozi imenikauka, Bi Nolfa. Halafu na chunusi nazo zimetoka."

"Imekauka kwa sababu unaiosha kwa maji ya moto ya birika na sabuni ya kufulia. Na chunusi zimetoka kwa sababu juu ya ukavu huo umebandika kondoo mzima."

"Ni mafuta kidogo tu, Bi Nolfa. Ya mama."

"Ya mama! Na watoto wa watu unawafundisha wewe? Maskini watoto."

Baada ya kumtukana alimpa dawa, na dawa ilikuwa sahihi kama kawaida. Maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, basi. Sabuni laini isiyonukia kitu. Krimu nyepesi isiyo na mafuta, na asiiache eti kwa kuwa uso unang'aa, maana ngozi iliyokaushwa na baridi na jiko hujitolea mafuta yake yenyewe kwa hasira. Dawa ya chunusi kiasi cha punje ya dengu, si kijiko. Kinga ya jua hata siku ya theluji. Kutobonyeza. Na skafu ifuliwe kila wiki, "maana unaipumulia kutwa nzima kama ng'ombe kwenye zizi." Mwalimu alitoka mwekundu mpaka masikioni. Baada ya wiki sita alirudi, kidevu kiko wazi, akanunua tena sabuni ileile na akatukanwa kwa jambo lingine.

Ndivyo ilivyo. Watu wa mji husema Nolfa ana ulimi wa wembe, lakini mkono wake haukosei. Nusu zote mbili za maneno hayo yeye huziona ni sifa.

Na sababu ya ukali huo anayo. Mashavu yake mwenyewe yana vishimo, kuanzia chini ya macho mpaka kwenye taya. Alikulia shambani, upande wa Balmaceda, ambako upepo unakata kama msumeno, na kila asubuhi kuanzia Mei hadi Septemba mama yake alimpaka mafuta ya kondoo ili ngozi isipasuke. Haikupasuka. Ilioza tu. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa na vijipu vya usaha pande zote mbili za uso, na mama akazidisha mafuta. Picha zake za ujana ziko tatu, na katika zote amegeukia pembeni. Siku alipomzaa bintiye Yasna, baada ya kukata tamaa kwamba angezaa, alikagua ule uso mdogo laini na akajiapiza kwamba huu hautaharibiwa na mjinga yeyote. Baba yake mtoto sasa yuko Puerto Montt na mke mwingine, na hapa hatuna haja naye.

Yasna alitimiza miaka kumi na sita, na Machi ya mwaka huohuo, shule ilipofunguliwa, chunusi zikaanza. Kwanza kipaji cha uso, kisha mashavu. Nolfa hakupoteza hata siku moja. Alileta sabuni, krimu, dawa na kinga ya jua, akazipanga bafuni kwenye rafu kwa mpangilio wa kutumiwa, akaeleza mara moja tu, kwani hapendi kurudia. Hapo hakuna anayeweza kumlaumu.

Lakini ikaja sikukuu ya San Juan, mwishoni mwa Juni, mchana, meza imejaa, na dada zake wawili wamekuja na waume zao. Yasna alikuwa amekaa kimya kwenye kona yake, nywele amezivutia usoni. Nolfa aliona nywele zile zenye jasho zinagusa mashavu, akaudhika. Angeweza kusema "mwanangu, funga nywele." Akasema:

"Mpeni Yasna viazi. Mchagulieni vyenye vinundu, asijione mgeni."

Meza nzima ikacheka. Shemeji mmoja alicheka mpaka akapaliwa na mvinyo. Nolfa naye alicheka, tena aliona amesema vizuri sana. Yasna alikula viazi vyake vyote bila kuinua macho, na kesho yake akajifunga skafu ya sufu mpaka chini ya macho, hakuivua tena hata ndani ya nyumba.

"Unailea hiyo chunusi kama mbegu kwenye kitalu," mama yake alimwambia mlangoni mwa bafu. "Sufu, joto, jasho. Endelea tu."

"Sawa, mama."

Nolfa alikagua rafu. Sabuni haikupungua. Krimu haikuguswa. Akasema ni kiburi cha ujana, na kiburi nacho akakidharau, kama anavyodharau karibu kila kitu.

Likizo ya baridi ilipoanza, Yasna akawa anavuka barabara kila siku kwenda kwa jirani, Bi Herminda Cárcamo, kumsaidia kusokota sufu. Herminda ni mjane wa miaka sabini, mnene, mpole, ana kondoo watano nyuma ya nyumba na sufuria ya mafuta isiyotoka jikoni. Anatibu kikohozi kwa mafuta hayo, na goti, na ufa wa kisigino, na huzuni. Nolfa alikuwa akisema kwamba ujinga ungekuwa sufu, Herminda angeuvalisha mkoa mzima. Lakini kusokota hakumdhuru mtu, kwa hiyo alimwacha mtoto aende.

Alhamisi moja mabomba ya duka la dawa yaliganda yakapasuka, wakafunga saa sita mchana. Nolfa alifika nyumbani akakuta jiko limepoa na Yasna hayupo. Akavuka barabara, akasukuma mlango wa Herminda bila kubisha, kama tunavyofanya sisi majirani wa huku.

Yasna alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko. Skafu iko chini. Kichwa kimeegemea nyuma kwenye magoti ya bibi yule, macho yamefumbwa, na alikuwa anacheka, kicheko ambacho Nolfa hakuwa amekisikia tangu Juni. Na vidole vinene vya Herminda vilikuwa vinazunguka polepole kwenye mashavu yake, vikipaka mafuta ya kondoo na mosketa. Chini ya mng'aro ule mashavu yalikuwa yamefura mavimbe makubwa ya zambarau.

"Toa mikono yako!" Nolfa alifoka. "Unamkaanga mwanangu?"

Herminda aliondoa mikono. Hakukasirika, hakuwahi kukasirika, na hilo nalo Nolfa hulichukia. "Kaa, jirani. Maji ya chai ya mate yamechemka."

"Sitaki chai yako! Unajua umefanya nini hapo? Umeziba kila tundu la ngozi yake, halafu umemweka motoni! Mama yangu alikuwa mjinga kama wewe, na tazama." Akajipiga shavu lake mwenyewe kwa kidole. "Tazama!"

"Mimi sijui hayo mambo ya dukani," Herminda alisema. "Mtoto alikuja analia kwamba uso unamuwasha kwa baridi. Nikampaka. Kama ni vibaya, mbona hukumwambia?"

"Si nimemwambia mara mia!"

"Kweli ameniambia," Yasna akasema.

Alikuwa amekaa wima sasa, uso wazi, hakuufunika.

"Nilijua mafuta yataniziba, mama. Nimekulia chini ya kaunta yako. Najua ya punje ya dengu, najua ya maji ya uvuguvugu, najua na ya ng'ombe zizini. Naweza kuuza pale hata kesho."

Nolfa alimkodolea macho. Mjinga angemwelewa, wajinga ndio riziki yake. "Ulijua? Ulijua ukaja ukapakwa hivi?"

"Ndiyo."

"Una wazimu? Kwa nini?"

"Kwa sababu huyu ananishika uso na hasemi kitu."

Herminda aliinuka, akajishughulisha na kuni ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Nolfa alifungua mdomo, na maneno yalikuwepo, hayajawahi kukosa, makali na yenye kuchekesha. Akayaona yote yamejipanga, na kwa mara ya kwanza akayachukia. Alikuwa amemlinda mtoto huyu na mafuta ya dunia nzima, halafu yeye mwenyewe akamsukuma mpaka kwenye sufuria kwa sentensi moja ya viazi. Mama yake Nolfa angalau alipaka kwa kutojua.

"Nipe beseni," alimwambia Herminda. "Tafadhali."

Herminda, ambaye hakuwa amewahi kusikia neno hilo kutoka kinywa kile, alilileta upesi. Nolfa akachanganya maji ya birika na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, akapiga magoti mbele ya kigoda. Yasna alikaza shingo. Kisha akauleta uso.

Nolfa aliosha mafuta kwa kitambaa laini, bila kusugua, akibadilisha maji mara tatu. Aliyahesabu mavimbe kwa vidole vyake: kumi na moja. Tisa yangetulia kwa matunzo. Mawili, upande wa kushoto karibu na taya, yalikuwa yameshachimba ndani. Haya aliyajua vizuri, kwani hata yake yalianzia mahali hapohapo. Hakusema chochote. Ilimwuma kutosema, kama mtu aliyekalia msumari, lakini hakusema.

"Mama," Yasna akasema, macho yamefumbwa, matone yanamtiririka kidevuni. "Zitaacha alama? Kama zako?"

Miaka ishirini na miwili Nolfa Oyarzo ameuambia mji huu ukweli usoni, na hakuna aliyewahi kumwomba apunguze akapunguziwa.

"Hapana," alisema.

Yasna alifumbua macho, akamtazama mama yake kwa muda. Alikuwa ameshayapapasa yale mawili mbele ya kioo kila siku, na alijua. Akayafumba tena, akauegemeza uso wote kwenye viganja vya mama yake.