Zamu ya Mchochea Makaa

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Hapa Maskati nasafisha viyoyozi. Siku moja huko mtaa wa Mabela, bibi mwenye nyumba, Mwomani mzaliwa wa Unguja, aliniuliza nimepita wapi na wapi. Nikataja meli ya mizigo niliyofanyia kazi chumba cha injini. Akaniamuru niteremke ngazini.

"Baba yangu alikuwa mchochea makaa," alisema. "Wakati wa vita vikuu vya pili meli yao ikazamishwa na nyambizi. Mie nlikuwa bado nanyonya. Mpaka leo sijui kama alikufa."

"Bibi, angekuwa na zaidi ya miaka mia."

"Hesabu nnaijua, mwanangu."

Kila Shaabani ukoo wao husoma khitma, na majina ya maiti wao huandikwa kwenye karatasi. La baba yake halimo. Mama yake alikataza: maiti hajaonekana, kumwandika ni kumuua. Mama huyo mwenyewe alikufa bila kumkalia eda mumewe.

"Na mie nikiondoka, nani atamwombea?"

Akanipa jina la meli. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakaniwasha. Kombora liliipiga saa nne asubuhi, ubavuni, penye chumba cha injini. Maofisa wametajwa mmoja mmoja. Wachochea makaa hawana jina hata moja.

Kesho yake nilirudi bila kuitwa.

"Alikuwa zamu gani?"

"Ntajuaje?"

Lakini alikuwa na barua ya baba yake ya safari hiyo hiyo, iliyoandikwa na mwenzake bandarini Aden. Tukaisoma pamoja. Alilalamika kwamba hushuka saa mbili asubuhi na kupanda saa sita, jua la asubuhi kalisahau.

Melini zamu yako ni hiyo hiyo safari nzima. Nikamwambia: saa nne alikuwa chini, mbele ya moto.

"Una hakika?"

"Sina. Labda siku hiyo aliumwa, mwenzake akamshikia. Lakini ningekuwa mimi, ningemwandika."

Aliuliza kama maji yaliingia upesi. Nikasema upesi sana.

Alikwenda ndani, akarudi na karatasi na kalamu. "Andika wewe. Muweke juu ya mama. Na akirudi, atatugombeza sote wawili."

Nikamwuliza jina kamili, na la baba yake, na la babu yake.