Mama Sahani na Chupa ya Kuongeza Damu

Pale maabara ya hospitali walimwita Mama Sahani, na jina likamganda. Miaka kumi na minane alikuwa akiwapikia bakteria. Msicheke! Kila asubuhi alichanganya damu ya kondoo na uji wa mwani ulio moto, akaupasha polepole mpaka ukawa wa kahawia, ndipo akaumimina kwenye visahani. Damu ikipikwa hivyo, chembe zake hupasuka na chuma hutoka nje, na hata bakteria wenye madeko huota.

"Bakteria wengi bila chuma hawafui dafu," aliwaambia wanafunzi. "Ndiyo maana mwili ukipata homa huficha chuma chake. Lakini wao wana ujanja wao wa kukinyakua. Mwizi hana haya."

Basi mama yake alipoanza kuchoka, viganja vikapauka, homa ikapanda na kushuka, binti huyu mjuzi alifanya nini? Alinunua dawa ya kuongeza damu, ile ya chuma, akampa kijiko asubuhi na kijiko jioni kwa siku tisa. Mganga hajigangi, jamani!

Siku ya kumi mama yake akalazwa. Daktari alimuuliza Mama Sahani, "Kuna dawa yoyote anayotumia?" Wauguzi waliokuwa wakimheshimu wamesimama hapo hapo. Haya zikamshika.

"Hapana, dokta."

Kesho yake asubuhi alifungua kabati la joto la kuoteshea bakteria. Sahani iliyopandwa damu ya mama yake, aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa imejaa vitone vya kijivu vya bakteria ukingo hadi ukingo. Alivikumbuka vijiko vyote kumi na vinane, na namna mama alivyokunja uso kwa ladha yake. Je, kama daktari ataona damu ni pungufu, akaagiza chuma kingine?

Alipanda ngazi mbio mpaka wodini, glavu zingali mikononi.

"Dokta, nilikudanganya. Nimempa mama chuma siku tisa."

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alikata kwa mstari alichokuwa akiandika kwenye karatasi. "Nilikuwa namwandikia sindano ya chuma. Kwanza tuwaue hao wadudu. Asiguse chuma mpaka homa ishuke. Bado hatujachelewa."

Mama Sahani akashusha pumzi. Akainama kumfunika mama yake shuka.

Mama akafumbua macho, akatabasamu. "Usihangaike, mwanangu. Ile chupa ya pili ya dawa ya damu uliyoniwekea mkobani, nimeimaliza alfajiri. Yote." Akapapasa chini ya mto, akaitoa tupu. "Si ulisema itanipa nguvu nirudi nyumbani upesi?"

Daktari aliipokea chupa, akasoma kiasi cha chuma kilichoandikwa juu yake, akamwita muuguzi kwa sauti ambayo Mama Sahani hakuwahi kuisikia kwake.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" mama akauliza.