Sauti Chini ya Sauti ya Veejei

Mara ya kwanza kumwona, alikufa. Alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye upara, kwenye kiti cha magurudumu, na kabla sijamaliza karanga zangu kichwa kikamwangukia kifuani. Nikalia. Jumapili iliyofuata, katika filamu nyingine, huyo yuko mlangoni na trei ya chai, mgongo umenyooka kama nguzo ya stima.

"Jamani, amefufuka!" nikapayuka. Kibanda kizima kikanicheka.

Kibanda chenyewe cha video kimepakana na veranda ninaposhonea sare za shule, hapa Busia upande wa Uganda. Veejei wetu, yule anayeketi na maiki akitutafsiria kwa Kiswahili, alikuwa na rundo la filamu za zamani zisizo na rangi, akizionyesha Jumapili mchana watu wakitoka kanisani. Yule mzee wangu yumo karibu zote. Leo mtumishi, kesho hakimu, kesho kutwa kasisi. Kumwoa mrembo, hata mara moja hapana! Na kwa vile filamu zilikuja ovyo ovyo, nilimzika kwanza, ndipo nikamwona nywele zikimrudia.

Siku moja veejei alisoma nyuma ya kasha la filamu. "Dada, huyu wako alikuwa mtu wa jukwaa huko London. Amezeekea jukwaani, ndipo kamera ikamtafuta. Watu walikuwa wanakwenda kusikia sauti yake."

Sauti yake! Mimi sikuwa nimeisikia hata siku moja. Kila alipofungua mdomo alitoka veejei: "Bosi, chai ndiyo hii, usimwage!" Watu wanacheka, nami nacheka, lakini natoka pale na njaa. Kanisani kwetu, kwenye mchezo wa Pasaka, mimi hupewa sentensi moja kila mwaka. Naipiga pasi wiki nzima. Halafu mtu aje aifunike kwa sauti yake?

Basi veejei akashikwa na mafua, koo likakauka. Alikuwa amenisikia nikiigiza watu kwenye cherehani. Akaninong'oneza, "Leo shika maiki. Ukiweza, Jumapili zote zako." Ndoto yangu hiyo, tangu nilipoacha shule. Nikavaa gauni la buluu.

"Fundi wa nguo atatutafsiria?" mmoja akasema. "Atatupima kiuno!"

"Chako nitapima kwa kamba ya ng'ombe," nikamjibu ndani ya maiki, wakaanguka kwa kicheko. Nikawa mtu wao. Nilimsemea mwizi, nikamsemea mrembo, hata farasi nilimpa maneno.

Ndipo mzee akaingia na trei. Nyumba imeuzwa, tajiri wake anaondoka, naye anamuaga. Akavuta pumzi. Nami nikaishusha maiki mapajani.

Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo kidogo, kama mkasi ukipita kwenye kitenge kipya. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, nusu sikuelewa. Nikaitegea sikio.

"Veejei, anasema nini?" mtu akaniuliza kutoka nyuma.

"Umemeza sindano?"

"Ngojeni kidogo, wazee wangu," nikaomba.

"Tungoje nini? Sema!"

Mama mmoja mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo, upande wa Kenya, akawakemea, "Nyamazeni bwana, si mnaona anaaga?" Wakanyamaza, labda kwa maneno matatu ya mzee. Kisha ganda la muwa likanipata begani. Veejei akaja, akaichukua maiki taratibu, akaendelea kwa sauti yake ya chura.

Baadaye aliniambia bila hasira, "Dada, veejei hanyamazi."

"Najua, mkubwa."

Jumapili zikaenda kwa mwingine, kijana kutoka Mulanda, hodari kweli. Mimi bado naingia na karanga zangu, ila siku hizi nakaa chini kabisa ya spika. Huyu kijana naye ni mtu, lazima avute pumzi. Mzee akitokea mlangoni na trei, naacha kutafuna, nangoja kijana avute pumzi, nisikie.